Mcha Hajaliliwa

Siku aliyorudi Kheir Makungu, majirani wa Funguni walimfungia kondoo mlangoni.

Hawakuwa na nia mbaya. Mtu katoka mautini, sadaka ni lazima, na watu wa Funguni kwa jambo la kula hawahitaji kukumbushwa. Walichangishana, wakapata kondoo dume wa shamba, mnene, wakamfunga kwenye nondo ya dirisha la Nasima, mke wa Kheir, na masufuria yakaekwa kichochoroni. Kheir akashuka kwenye gari kavaa shati la kupewa, midomo imembanduka, shingo imekuwa nyembamba hata kola inacheza. Wanawake wakapiga vigelegele. Kondoo naye, kwa zile kelele, akalia.

Kheir akasimama. Hakusalimu mtu. Aligeuka akaondoka, wala si kwa mbio, mwendo tu wa mtu aliyesahau kitu dukani, na walipomfuata walimkuta nyuma ya msikiti kakaa chini, masikio kayaziba kwa viganja.

"Kapigwa na jua," alisema mmoja.

"Kaingiwa na shetani wa bahari," alisema wa pili, maana kila mtaa una mtaalamu wake.

 Nasima alirudi nyumbani, akaifungua kamba kwa mikono yake.

"Mtoeni mnyama huyu hapa."

"Khaa! Bi Nasima, mchele ushaoshwa."

"Pikeni kuku."

"Mtu katoka kaburini tumkaribishe kwa kuku?"

"Basi nchinjeni mie," alisema Nasima, "lakini huyu aondoke."

Kondoo akaondoka, pilau likaliwa kwa kuku, na watu wakarudi makwao wakinong'ona kwamba mke wa Kheir kazidi jeuri tangu mumewe atangazwe kwenye redio. Hakuna aliyeuliza kondoo kamfanya nini mtu mzima. Wangeuliza wangejua, na pengine yote yaliyofuata yasingekuwa mazito vile.

Kheir ni mtu wa Gomani, Tumbatu. Babake alikuwa mvuvi wa madema, mamake mfuga mbuzi. Skuli aliiacha mapema, akavuka kuja mjini, akawa mchukuzi bandarini Malindi, magunia mgongoni mpaka bega moja likawa chini kuliko jingine. Ni mtu mkimya, mkubwa wa mwili, anayecheka baada ya wenzake kwisha kucheka. Alipopata kazi ya meli, watu wa barazani walimuwazia katika sare nyeupe na kofia ya dhahabu. Yeye mwenyewe ndiye aliyewakata maneno.

"Nalisha kondoo," aliwaambia.

"Kwenye meli?"

"Kwenye meli."

"Basi wewe si baharia, yakhe, wewe mchunga. Ungebaki Tumbatu kwa mamako!"

Alicheka, kwa kuchelewa, na akarudi kazini. Ilikuwa meli kuukuu, iliyoundwa kuchukua magari, uzeeni ikageuzwa zizi la ghorofa. Ilipakia kondoo Berbera, ikawapeleka Jeddah, na kabla ya Hija ndiyo haikupumua. Kazi ya Kheir ilikuwa kupita kwenye mazizi asubuhi na alasiri na marobota ya majani makavu, na kila akiingia zizini huita, "Haya! Haya! Haya!" kwa ile sauti nene iliyotoka kifuani. Kondoo wakishaizoea sauti hiyo, hata waliolala wagonjwa husimama. Sauti maana yake chakula. Mabaharia wengine wakijaribu kuita wao, wanyama huwatazama tu.

Mcha ndiye aliyekuwa mzaha wa meli ile. Mcha wa Kiponda, mume wa Mwanamkasi, dada yake Kheir. Alikuwa akichoma mishkaki Forodhani, ana mdomo wa kuuza hata moshi, lakini alichoka kuwaambia wageni jina la pweza. Akamganda shemeji yake mpaka akamtafutia nafasi. Mamake Mcha, Bi Sichana, hakutaka. Mtoto wa kiume anaye mmoja. Alimwambia Kheir mbele ya watu, "Umemchukua kwa mkono wako, mrudishe kwa mkono wako," na Kheir akaitikia, "Inshaallah, mama," kama mtu anavyoitikia maneno ya kuagana, bila ya kuyapima.

Melini, Mcha aliwapa kondoo majina ya watu wa Kiponda. Yupo aliyeitwa kwa jina la muuza kahawa, yupo mwenye macho kama ya jirani yao mmbea, na jike moja lililokuwa halimpishi mwenzake majanini alilipa jina la mamake mwenyewe. "Usije ukamwambia," alimuonya Kheir. "Bora nizame."

Vita vya huko Bahari ya Shamu walivisikia. Kila baharia alivisikia. Lakini aliyekwenda kwa ajili ya riziki husema kombora ni la meli kubwa, la mafuta, la matajiri. Nani atapoteza kombora kwa kondoo? Asubuhi ile vumbi la jangwani lilikuwa limeshuka baharini, limetanda, jua limekuwa doa la manjano tu. Upeo wa macho haukuwepo. Ukinyoosha mkono, kiganja unakiona, zaidi ya hapo ni uji.

Kheir alikuwa sitaha ya juu, ndoo ya maji mkononi. Alichosikia si mshindo. Alisema baadaye kwamba ilikuwa kama mtu kamfungia mlango wa chuma ndani ya kichwa. Alipoinuka, meli imelala ubavu, vyuma vya mazizi vimepasuka, na kondoo wanateremka kuelekea baharini kama mchele unaomwagika guniani. Akateremka nao. Nani karusha na kwa nini, hajui mpaka leo, na aliyemueleza hakumfanya ajue zaidi.

Majini alishika robota la majani, likampeleka, na katika vumbi lile akagongana na boti la mpira la kuokolea watu, lile linalojaa upepo lenyewe likiguswa na maji. Halikuwa na mtu. Akajitupa ndani. Akakohoa chumvi, akasikiliza. Meli ilikuwa ikiunguruma mahali fulani, kisha ikanyamaza. Moshi ukachanganyika na vumbi. Hakuona mtu hata mmoja. Alichosikia ni kondoo, pande zote, wengi.

Kisha akasikia, "Kheir! Shemeji! Kheir!"

"Naam!" akapiga kelele. "Mcha! Huku! Niko kwenye boti!"

"Wapi? Sikuoni!"

"Fuata sauti! Haya! Njoo huku, haya!"

Na kondoo wakaisikia sauti yao.

Walikuja kutoka kila upande wa ule uji wa manjano, vichwa juu, macho yametoka. Walilipanda boti kwa kwato, wakapandana wenyewe kwa wenyewe. Kheir akawasukuma kwa mikono, kwa miguu, kwa kichwa. Akanyamaza ili wasije zaidi. Aliponyamaza, Mcha akapotea: "Kheir! Mbona huiti? Ita, shemeji!" Akaita. Kondoo wakaongezeka. Akanyamaza tena. Akaita tena. Akiita, Mcha anakaribia, na kila kondoo aliye baina yao anakaribia naye. Akinyamaza, Mcha anazunguka gizani mchana kweupe. Alijaribu kupiga makasia kwa viganja kuifuata sauti ya Mcha, boti limezingirwa na kondoo, haliendi.

Mwisho Mcha alikuwa karibu mno. Kheir alimsikia akihema. Alimsikia hata akitaka kucheka, kwa namna yake.

"Shemeji, kondoo wako hawa wananipanda. Kheir, wananipanda kichwani. Kheir..."

Basi.

Kheir aliita mpaka sauti ikamkatika. Kisha hakuwa na sauti ya kuita, na kondoo nao mmoja mmoja wakanyamaza.

Zilizofuata ni siku ambazo hakuzihesabu. Vumbi liliondoka, jua likarudi na hasira zake. Ndani ya boti palikuwa na vipakiti vya maji na biskuti ngumu kama vigae; maji aliyanywa kwa kulowesha ulimi, biskuti hakuweza kuzimeza. Alivua shati akajifunika kichwa, mgongo ukaungua. Akafunika mgongo, kichwa kikaungua. Bahari iliyomzunguka ilikuwa imejaa wanyama waliovimba, wameelekeza miguu juu, na ndege wamesimama juu yao kama wamesimama barazani. Alitafuta baina yao. Kila kitu cheusi alikipigia makasia kwa viganja mpaka akifikie, na kila alichokifikia kilikuwa na kwato.

Kondoo jike mmoja alikuwa bado mzima. Alikuwa kaning'iniza kidevu kwenye kamba ya ubavuni mwa boti, anapumua puani. Kheir hakuwa na nguvu ya kumpandisha. Alikaa kamshika kichwa kisizame, akamsemesha, akamuuliza kama kamuona Mcha. Kwa nini alifanya vile, hajui. Alikuwa kasukuma kondoo wengi asubuhi ile, huyu mmoja hakuweza kumsukuma. Hata alipokwisha kufa alimshika, mpaka mikono ikamfa ganzi na ikamuachia yenyewe.

Wavuvi wa pwani ya Eritrea ndio waliomuokota. Walimkuta kalala chali, na walipomsemesha aliwaitikia, "Naam," akauliza kwa Kiswahili kama mwenzake kaonekana. Hakuna aliyemuelewa. Wakampa chai.

Hayo ndiyo aliyorudi nayo Funguni, na ndiyo aliyoyafungia kifuani. Nasima alimtoa nusu. Nusu ya pili, ile ya sauti na kondoo, hakumwambia mtu. Angeisema vipi? Mtu kafa maji, hilo linasemeka. Mtu kafa kwa kupandwa na kondoo walioitwa na shemeji yake, neno hilo utalitia katika sikio la mama gani?

Na mama mwenyewe hakuwa tayari kusikia hata lile jepesi.

Wenye meli walileta habari kwamba mabaharia wengine "hawajulikani walipo". Neno hilo Bi Sichana alilishika kama mtu aliyeshika ukingo wa kisima. Kisha ikatembea picha kwenye masimu ya watu, ya wanaume wamekaa chini mahali fulani, wametekwa, wamegeuza migongo. Picha ya mwaka gani na ya meli gani, hapana ajuaye. Bi Sichana aliusogeza uso wake kwenye simu, akasema, "Mgongo huu ni wa mwanangu. Nimeuogesha mie."

Tangu siku hiyo nyumba ya Kiponda ilikuwa marufuku kulia. Kumlilia mtu aliye hai ni uchuro, alisema, ni kumuitia kifo aje kumtafuta huko aliko. Khitma hapana. Asiyejua adabu akija na uso wa msiba, hurudishwa kwenye ngazi. Na aliyeelemewa na sheria hiyo kuliko wote alikuwa Mwanamkasi, kwa kuwa mke wa mtu aliye safarini ana mapambo yake. Bi Sichana alimpaka hina mwenyewe, mikono na miguu, na ikififia humrudia. Alimtia asmini nywelani. Nguo za Mcha hufukizwa udi kila Alkhamisi zisinuke sanduku. Mwanamke ana kilio kimemjaa mpaka kooni, anatembea Darajani kapambwa kama bi harusi, na wanawake wa sokoni wanaminyana.

"Mumewe kazama, yeye hina mbichi!"

"Keshapata mwengine huyo, nambie."

Na wale wale, wakimkuta uso kwa uso, humuuliza kwa sauti ya asali, "Habari za Mcha, mama? Hajapiga simu?"

Siku moja alikwenda Funguni, akavua viatu, akakaa chini mbele ya kaka yake.

"Kaka Kheir, hebu nitazame. Mie nani? Mke au kizuka wa eda?"

Kheir akatazama mikono yake, ile hina.

"Nyinyi wawili mlikuwa pamoja," alisema Mwanamkasi. "Nnakujua, hukulala vizuri tangu uje. Unajua kitu. Nenda kwa kadhi ukaseme kafa. Nikae eda yangu, nikae ndani, nivae kanga kuukuu, nilie. Sitaki mume mwengine, wallahi sitaki. Nataka kulia tu. Nalia chooni, kaka, nafungulia mfereji wa maji nisisikike."

"Sikumuona, Mwanamkasi."

"Nusu neno. Sema umeona. Mungu anajua kafa, utakuwa umesema uongo gani?"

"Nitaapa kwa Mungu huyohuyo anayejua."

Mwanamkasi akasema taratibu, "Kwa hiyo ushajua kuwa kafa."

Na kabla ya wiki kwisha Bi Sichana naye alimwita Kiponda, akamkalisha kwenye kiti kizuri, akamtilia chai ya mchaichai na mkate wa ufuta, akamtazama anavyokula. Bibi yule ni mfupi, mkavu, kidole chake cha shahada hakitulii.

"Nasikia mtoto wa watu ataka twende kwa kadhi," alisema. Hakumtaja Mwanamkasi kwa jina. "Twende. Siogopi. Lakini wewe, Kheir, ulikula chakula cha nyumba hii. Ukimzika mwanangu kwa mdomo wako, na kesho akapiga hodi, utamtazama kwa jicho gani?"

"Mama..."

"Ulimchukua kwa mkono. Kama huwezi kumrudisha, basi usimfukie."

Kheir aliuweka mkate chini. Hapo ndipo alipobanwa, na asitafute mtu wa kumsaidia, kwa kuwa duniani pote hakuna aliyesikia aliyoyasikia. Akisema kafa, mama anamzika mwanawe akiwa na matumaini, na kiapo kinabaki shingoni kwa jambo asiloliona. Akisema sijui, dada yake anatembea na hina mpaka anazeeka.

Kwa kadhi walikwenda asubuhi, wote watatu. Chumba kilikuwa na feni inayolia na watu wa talaka wamejaa mlangoni. Kadhi alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya chini. Alimuangalia Mwanamkasi mikono, akainamisha macho haraka. Akamuelekea Kheir.

"Mlikuwa meli moja."

"Naam, Sheikh."

"Ulimuona akizama?"

"Sikumuona. Palikuwa na vumbi."

"Mwili uliuona?"

"Niliutafuta. Sikuuona."

"Ulichokijua wewe ni kipi?"

"Nilimsikia. Akiniita. Kisha sikumsikia tena."

Feni ililia. Mwanamkasi alikuwa kamkazia macho, midomo inacheza kama anamsomea maneno. Bi Sichana naye kakaza kidole chake juu ya goti.

"Unaweza kuapa kuwa kafa?" aliuliza kadhi.

Kheir alivuta pumzi. Alilisikia lile jina lake linavyokatika katikati. Sauti ilikuwa karibu, karibu kuliko feni ile. Lakini sauti si jicho.

"Siwezi kuapa, Sheikh."

"Basi na mimi siwezi kuhukumu," alisema kadhi, bila ya ukali. "Sauti hukatika kwa mengi. Na wapo waliochukuliwa wakiwa hai. Huyu ni mke wa mtu mpaka ije habari ya yakini. Nitawaandikia wenye meli, nitaulizia kwa mabaharia wengine. Subirini, na Mungu awape subira."

Nje, juani, Bi Sichana alitembea mbele kama mtu aliyepata mjukuu. Mwanamkasi alimkaribia kaka yake mpaka akahisi harufu ya asmini zile.

"Ulimwacha baharini," alimwambia, "na leo umemwacha tena."

Akaenda zake. Kheir hakumfuata. Neno limeingia mahali pake, atalitoa kwa chombo gani?

Alidhani Bi Sichana atakwenda nyumbani kufurahi. Alipofika kona ya Mkunazini akamkuta kamngojea, kaegemea ukuta, kikapu mkononi.

"Nipandishie kikapu hiki," alimwambia. Kikapu hakikuwa na kitu.

Kheir akakipandisha. Ngazi za nyumba ile ni za mbao, kali, na bibi alizipanda polepole bila ya kupumzika. Akafunga mlango wa chumba. Hakumkaribisha kiti.

"Leo kwa kadhi ulisema, akiniita."

"Ndiyo, mama."

"Hukuwahi kuniambia kwamba aliita."

"Hukuniuliza."

"Sasa nakuuliza. Aliitaje?"

Kheir akatazama dirishani. Palikuwa na mtu anauza mbatata chini, anatangaza. Alikuwa na uongo mzuri tayari. Kila mtu humpa mama uongo huo: kwamba alimtaja, kwamba alisoma shahada, kwamba alikuwa na utulivu. Uongo huo usingehitaji kiapo, hapakuwa na kadhi hapa. Alifungua mdomo autoe, na kilichotoka kilikuwa kingine.

"Aliniita jina langu. Nikamwambia afuate sauti."

"Akafuata?"

"Akafuata. Lakini kondoo, mama, mie ndiye niliyekuwa nikiwalisha. Sauti yangu wanaijua. Nikimwita yeye, na wao wanakuja."

Bi Sichana hakutikisika.

"Ungenyamaza, je?"

"Nilinyamaza. Akawa haoni pa kwenda. Akaniambia, ita."

"Ukaita."

"Nikaita."

"Na wao wakaja."

"Wakaja."

Yule muuza mbatata alikuwa keshapita, sauti yake inasikika kichochoro cha pili.

"Neno lake la mwisho," alisema Bi Sichana.

"Mama, usi..."

"Nimemzaa mie. Neno lake nipe."

"Alisema, shemeji, kondoo wako wananipanda kichwani. Akaniita mara moja tena. Hakulimaliza jina."

Bibi alibaki kasimama. Macho yake yalikwenda kwa Kheir, yakaenda ukutani, yakarudi. Alikuwa akipima kitu, na Kheir alikiona anavyokipima: ule mgongo wa kwenye simu, na upande wa pili jina lisilomalizika. Aliinua mikono akataka kusema, na badala ya maneno kikatoka kilio.

Hakikuwa kilio cha adabu. Kilitoka tumboni, kirefu, kikapasuka katikati, kikarudi upya, na ndani yake mna jina la Mcha. Nyumba za Kiponda zinapumuliana dirishani. Kilio kikiingia moja kimeingia kumi. Shughuli zikasimama. Mwanamkasi, aliyekuwa chini ukumbini, alizipanda ngazi akajikwaa akaamka, akafika mlangoni, akamuona mkwewe chini sakafuni. Alishuka pale pale chini pamoja naye, wakashikana, na ule mfereji wa maji aliokuwa akiufungulia kila siku safari hii haukuwa na kazi, kwa kuwa alilia mdomo wazi na mtaa mzima ukamsikia.

Kadhi hakuhukumu, na barua yake mpaka leo haijajibiwa. Kisheria Mwanamkasi alikuwa mke wa mtu asubuhi ile na alikuwa mke wa mtu jioni yake. Nani pale aliyekuwa na nafasi ya kuulizia sheria?

Kheir alirudi nyuma mpaka kwenye ngazi. Chini mlango wa barabarani ulishafunguliwa. Majirani walikuwa wanaingia, wanawake wamejitanda kanga harakaharaka, mmoja bado ana unga mikononi. Wa mbele alikuwa mama mnene wa nyumba ya pili, yuleyule aliyekuwa akiuliza habari za simu. Alipanda akihema, akamkuta Kheir kaziba njia kwa lile bega lake la chini.

"Kuna nini, Kheir? Nani?"

Kheir akafungua mdomo.

"Mcha," alisema.

"Mcha kafanyaje? Imekuja habari?"

Hakuna habari iliyokuja. Hakuna aliyemuapisha. Sauti ilimtoka nene, kutoka kifuani, na ilimtoka yote.

"Mcha kafa."

Yule mama alimtazama kidogo. Kisha akamshika mkono akamsogeza ukutani, si kwa ukali, apishe njia, kwa kuwa nyuma yake mikeka ya msiba ilishaanza kupandishwa.